Besi ya Trimble, rova ya Kichina: taa ya redio inapepesa, fiksi haiji

Bikoni Iliyozama:
Wakuu, habari za majukumu. Niko porini Handeni, leo siku ya pili, vibarua wanne wananitazama kama mganga aliyeishiwa dawa.

Hali ni hii, na kwa wasio wapima ardhi: besi ni kipokezi cha setilaiti kinachosimama mahali pamoja kikirusha marekebisho kwa redio, rova ni kile ninachotembea nacho juu ya fimbo, na fiksi ni rova kujua ilipo kwa usahihi wa sentimita. Besi ni Trimble R8 ya zamani, nimeikuta ofisini, haijawahi kunisumbua. Redio ya nje ni TDL 450H ya wati 35, inakula betri ya gari. Rova iliyokuwa mwenzake ilianguka kutoka kwenye bodaboda (msiulize), bosi akanunua rova mpya ya Kichina. Muuzaji alimwambia "hii inaongea na zote". Duka silitaji, na jina la rova siliweki, maana huenda mwenye kosa ni mimi.

Kwenye rova nilichagua TRIMTALK (namna ya kurusha ya redio za Trimble), chaneli namba 3 kama ilivyo kwenye besi. Jana kutwa kimya. Leo asubuhi nimegusagusa mipangilio, nikaacha chaneli nikaandika masafa kwa mkono, sasa taa ya redio inapepesa kila sekunde. Lakini kontrola (kompyuta ya mkononi ya rova) imeng'ang'ania "Single", yaani rova inajipima peke yake bila marekebisho, tangu saa mbili asubuhi. Setilaiti 27 nazipata. Mtandao wa simu huku unashika juu ya kichuguu kimoja tu, ndiko ninakoandikia.

Kamba Kavu:
Hicho kichuguu kipimwe kiwekewe bikoni kabisa.

Mtaa wa Saba:
Mkuu, zama hizi bado unabeba redio na betri ya gari? Tia laini kwenye rova, tumia NTRIP, marekebisho yaje kwa intaneti, kazi imeisha.

Bikoni Iliyozama:
@Mtaa wa Saba nimeandika kichuguu kimoja. Shamba ni hekta 340. Nikishuka tu, laini inakufa.

Mtaa wa Saba:
Basi kimbia na data ghafi, ukachakate usiku kwa programu ya RTKLIB.

Bikoni Iliyozama:
Hiyo ni kwa kupima kilichopo. Mimi nina bikoni za mipaka za kurudishia mahali pake, lazima niambiwe papo hapo "sogea kushoto sentimita nne". Nikichakata usiku nitasogea lini?

Fundi Masafa:
Pole kaka. Nimefunga na kufungua redio hizi tangu zile za njano zilizokuwa nzito kama jiwe la kusagia, twende polepole.

Kwanza sahau neno chaneli. Chaneli namba 3 ni jina la nyumbani. Kila kiwanda kina orodha yake, na aliyekuuzia anaweza kuwa aliipanga upya kwa kompyuta. Redio hazijui namba 3, zinajua megahezi, na zinazitaka tarakimu zote. 463.125 na 463.120 kwenye karatasi ni jirani, hewani ni mitaa miwili. Hili umeshalitatua bila kujua, ndiyo maana taa imeamka.

Pili, upana wa chaneli. Kuna kilohezi 12.5 na kuna 25. Besi ikirusha kwa 25 na rova ikasikiliza kwa 12.5, rova inasikia kelele ikadhani ni salamu. Taa inapepesa, maana kwenye vifaa vingi taa ile inaonyesha kuwa kuna nguvu hewani. Haikuambii kama maneno yameeleweka. Watu wengi wanapotea hapa.

Tatu, namna ya kurusha. TRIMTALK 450S, Transparent EOT, SATEL 3AS, zile za PCC (Pacific Crest), na za Wachina wenyewe kama South na Hi-Target. Nyingine zinapakia data kwenye mawimbi kwa mtindo wa GMSK, nyingine 4FSK, hazisikilizani hata kwa dawa. Na hata ukishachagua TRIMTALK 450S pande zote mbili, bado kuna mwendo, biti kwa sekunde: 4800, 8000, 9600, 16000. Ukikosea mwendo ni sawa na kukosea jina. Baadhi ya redio zina na FEC, ile ya kusahihisha makosa njiani. Ikiwa imewashwa upande mmoja na kuzimwa mwingine, hasa kwenye SATEL, hakuna mazungumzo.

Halafu usichanganye mwendo wa hewani na mwendo wa waya. Ule wa waya, 38400 au vyovyote, ni kati ya R8 na TDL kwenye kebo ya Lemo. Rova haihusiki nao hata kidogo.

Hayo yote ni bodaboda tu. Abiria, yaani marekebisho yenyewe, anaongea lugha gani, hilo ni jambo la pili. Nijibu matatu: upana pande zote mbili, mwendo wa hewani, na kwenye kontrola idadi ya baiti inayopokelewa inapanda au imesimama?

Kamba Kavu:
Kuna aliyetaja bodaboda mbele ya mtu ambaye rova yake ilianguka kwenye bodaboda. Huu ni ukatili.

Bikoni Iliyozama:
Fundi, Mungu akupe maisha. Besi: 25, TT450S, 9600. Rova: 12.5! Nimebadilisha kuwa 25, mwendo ulikuwa tayari 9600. Baiti zilikuwa sifuri, sasa zinapanda, 300 na kitu kila sekunde. Ila bado "Single", na pale palipoandikwa aina ya marekebisho pako tupu.

Fundi Masafa:
Vizuri sana. Bodaboda imefika. Sasa abiria. Besi inatoa nini? Usinijibu "RTK", hilo ni jina la kazi yenyewe ya kupima papo hapo kwa marekebisho. Ingia kwenye mipangilio ya besi, utakuta lugha ya marekebisho: CMR, CMR+, CMRx, au RTCM fulani.

Bikoni Iliyozama:
CMRx.

Fundi Masafa:
Nilijua. CMR ya kwanza Trimble waliiachia hadharani miaka ya 1990, ndiyo maana CMR na CMR+ utazikuta kwenye vifaa vya karibu kila kampuni. CMRx ni tofauti: wameibana sana ili setilaiti nyingi zipite kwenye redio nyembamba, na namna ya kuifungua hawakuitangaza. Rova yako inapokea mzigo kamili, funguo haina. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya sana; inaongea na redio zote, kuelewa ni suala lingine.

Weka RTCM 3, lugha ya pamoja ya kampuni zote, kwenye besi. Kama fimuwea ya hiyo R8 haiitoi, weka CMR+. Kisha subiri dakika moja.

Bikoni Iliyozama:
FIXED!!! Sekunde 20 hivi. Mlalo milimita 9, wima milimita 15. Vibarua wanapiga makofi, hawajui kwa nini.

Kamba Kavu:
Uzi ufungwe, mganga kapata dawa.

Mama Theodolaiti:
Usifungwe. Hongera mdogo wangu, ila usipige hata nukta moja kwanza. Kuna bikoni ya zamani karibu, yenye koodineti na kimo unachokiamini? Nenda kasimame juu yake.

Redio isiposhika utajua, utatukana, utarudi nyumbani umesalimika. Antena ikikosewa kontrola inakuandikia FIXED, milimita 15, nawe unaamini. Mimi niliamini.

Ilikuwa kazi ya mtaro wa maji, kama mita 600. Siku mbili tulitumia besi na rova za kampuni moja. Siku ya tatu besi ikahitajika kwingine, tukaletewa besi ya kampuni tofauti, tukaisimamisha juu ya alama ileile, kwa kimo kilekile nilichopima mwenyewe kwa futi. Fiksi safi. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yalifika katikati yakasimama, kana kwamba chini kuna nundu ya ng'ombe. Zege la mita 40 lilivunjwa, na nilikuwepo likivunjwa.

Sababu ni hii. Kwenye RTCM 3, ujumbe namba 1005 au 1006 unapeleka koodineti za sehemu ya chini ya antena, pale inapofungwa. Lakini mawimbi hayapimwi pale, yanapimwa juu zaidi, ndani ya antena. Tofauti hiyo kila antena ina yake. Rova inaijua kwa kusoma jina la antena ya besi kutoka ujumbe 1008 au 1033, kisha inalitafuta kwenye orodha yake. Ikiwa haina jina hilo, programu nyingine zinakuonya, nyingine zinanyamaza zikaandika sifuri. Ndugu wa kampuni moja wanajuana majina. Mgeni hajui mtu.

Bikoni Iliyozama:
Mama, nimekwenda kwenye bikoni ya 1987. Tofauti mita 300! Jasho limenitoka.

Mama Theodolaiti:
Kaskazini–kusini ndiyo kubwa, eti? Orodha yako ya bikoni ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti, wewe uko WGS84, ule wa GPS. Kanda ileile ya ramani, 37 Kusini, duaradufu tofauti. Tulia, badilisha, urudi.

Bikoni Iliyozama:
Aibu. Nimebadilisha. Mashariki sentimita 1, kaskazini sentimita 2. Kimo: niko chini kwa sentimita 8 na nusu.

Mama Theodolaiti:
Ndiyo hiyo. Besi ilidhaniwa iko chini kuliko ilivyo, ikakuvuta nawe chini. Kwenye rova, sehemu ya besi, jina la antena limeandikwaje?

Bikoni Iliyozama:
Limeandikwa TRMR8_GNSS, pembeni kuna alama ya kuuliza.

Mama Theodolaiti:
Basi jina limefika na rova hailijui. Una njia mbili. Ya kwanza, ingiza antena hiyo kwenye orodha ya kontrola. Faili la antena la IGS (huduma ya kimataifa ya setilaiti za upimaji) linayo, lipakue ukiwa mjini, au ukiwa kichuguuni kama kitakuvumilia. Ya pili, kama besi inaruhusu, iambie ijiite ADVNULLANTENNA, yaani itume data ambayo marekebisho ya antena yameshafanyika. Usifanye zote mbili pamoja, utahamia upande wa pili. Wala usije ukaongeza sentimita 8.5 kwenye kimo cha fimbo ili "iendane". Kesho mtu ataikuta, hatajua umeficha nini.

Kwa viwanja vyako hivyo ungemaliza kazi yote usione kosa, kwa sababu mlalo hauguswi. Aliyepewa vimo vyako mwaka kesho kuchora barabara ndiye angeliona.

Mtaa wa Saba:
Mama nimejifunza kitu hapa. Na kwa NTRIP inakuwaje?

Mama Theodolaiti:
Inakuwa vilevile, mwanangu. NTRIP inabadilisha njia tu. Antena ya besi ni ileile.

Mwana wa Machakos:
Niaje wadau wa Bongo. Nimesoma uzi wote, naomba kudandia. Yangu ni kinyume cha hiyo: besi mpya yenye GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, nimeiunganisha na redio ya zamani ya SATEL, rova ni ya kampuni nyingine. SATEL 3AS, kilohezi 12.5, 9600, FEC imewashwa pande zote. Asubuhi inafiksi vizuri. Ikifika saa tano, saa sita mchana inaanza kukatika, umri wa marekebisho unapanda sekunde 5, 9, 14, halafu floti, fiksi imepotea. Alasiri inapona yenyewe. Mtu aliniambia ni jua linachemsha redio.

Fundi Masafa:
Jua halina hatia, angalau si katika hili. Besi inatuma MSM gani, yaani ule ujumbe wa RTCM 3 unaobeba vipimo vya setilaiti?

Mwana wa Machakos:
MSM7. Niliona ndiyo kubwa, nikadhani ndiyo bora.

Fundi Masafa:
Tupige hesabu kidogo, wasiopenda namba waruke.

MSM7 inakula biti 36 kwa kila setilaiti na biti 80 kwa kila mawimbi ya kila setilaiti, juu ya kichwa cha ujumbe cha biti 169. Chukua setilaiti 10 za mfumo mmoja, mawimbi mawili kila moja: unapata baiti 275 hivi. Mifumo minne ni baiti 1100, sawa na biti 8800 kila sekunde. Mawimbi yakiwa matatu, unapita biti 12000.

Bomba lako ni 9600. FEC peke yake inameza karibu theluthi, unabaki na kama 6400. Hapo unajaza pipa kwenye ndoo. Setilaiti zikiwa chache asubuhi, inapita kwa kubanwa. Zikijaa mchana, ujumbe wa sekunde hii haujaisha kutumwa na wa sekunde ijayo umeshafika mlangoni. Foleni inarefuka, umri unapanda, fiksi inakata.

MSM4 inatumia biti 18 kwa setilaiti na 48 kwa mawimbi. Hesabu ileile inakupa biti 5500 hivi. Inapita, ingawa haina nafasi ya kucheza. Weka MSM4, mawimbi mawili, na ule ujumbe wa koodineti za besi utoke kila sekunde 10, hauhitajiki kila sekunde. Ukiona bado inakohoa, inua pembe ya kukata setilaiti za chini iwe digrii 15. Kwa umbali wa RTK ya redio, usahihi wa ziada wa MSM7 hutauona.

Mwana wa Machakos:
Na kuhamia kilohezi 25 ili nipate 19200?

Fundi Masafa:
Kiufundi inawezekana, 4FSK kwenye 25 inakupa hiyo 19200. Lakini soma leseni yako kwanza. Kama CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, walikupa chaneli ya 12.5, ukirusha 25 umemkanyaga jirani.

Kamba Kavu:
Kwani kuna mtu ana leseni? Mimi nachagua namba yoyote iliyo kimya.

Fundi Masafa:
Ndugu, kwa wati 35 juu ya mlingoti unasikika kilomita nyingi. Kwetu Tanzania TCRA ndio wanaogawa masafa, na kwenye UHF hiyo kuna walinzi, migodi, viwanda, wote na redio koli zao. Niliwahi kufuatwa shambani na gari la walinzi, wamechoka kusikia "krrr" kila sekunde tangu alfajiri. Walikuwa wapole kuliko nilivyostahili.

Hata mwenye leseni asikilize kabla ya kurusha. Washa rova, besi ikiwa imezimwa. Taa ya redio ikipepesa, kuna mwenyeji. Na usiwashe kurusha kabla antena haijafungwa kwenye redio, utaichoma. Wengine hukimbilia kuongeza wati fiksi ikisumbua. Inua antena kwanza. Antena ya besi ikiwa mita 4 na fimbo mita 2, upeo wa macho wa redio ni kama kilomita 14 penye tambarare. Kilima kikiwa katikati, wati 35 na wati 2 zote zinagonga ukuta uleule.

Dada wa Droni:
Samahanini, mimi nina Emlid Reach RS2. Naweza kusikiliza hiyo besi ya R8 kwa redio?

Fundi Masafa:
Hapana dada. Redio ya RS2 ni LoRa, aina nyingine kabisa, inakaa kwenye megahezi 868 au 915, na TDL iko kwenye mia nne na kitu. Hata mipangilio ufanye hadi usiku. RS3 ndiyo waliyoitia na UHF inayoelewa TRIMTALK 450S. Kwa RS2 tafuta redio ya nje ya kupokelea, uiingize kwa waya, au utumie NTRIP penye mtandao.

Mwana wa Machakos:
Ripoti: MSM4, mawimbi mawili. Jana kutwa umri wa marekebisho sekunde 1 hadi 2, haijakatika hata mara moja. Ila kuna rova ya tatu, ya kampuni nyingine tena, inachukua dakika nne kufiksi wakati hizi mbili zinachukua sekunde.

Fundi Masafa:
Izimie GLONASS kwenye hiyo moja uone. Setilaiti za GLONASS zinatofautiana masafa, na vipokezi vya kila kampuni vinachelewesha masafa hayo kwa kiasi chake. Besi na rova za kampuni moja kosa linajifuta. Zikiwa tofauti linabaki, rova inahangaika. Ujumbe 1230 na 1033 viko kwa ajili hiyo, besi yako ikivituma na rova ikavisoma unaweza kuirudisha. Ukiwa na Galileo na BeiDou, GLONASS hutaililia.

Mwana wa Machakos:
Imefiksi kwa sekunde 15. Asante mzee.

Kijana wa Tripodi:
Wakuu, na mimi niulize. Leica ya GS itaongea na redio ya Pacific Crest?

Fundi Masafa:
Nyingi za GS ndani yake kuna moduli ya SATEL. Pacific Crest waliozaliwa California walinunuliwa na Trimble 2005, lakini redio zao za ADL zinaongea na SATEL 3AS pia, tena bila kinyongo. Weka 3AS pande zote, mwendo na FEC vilingane, halafu rudi juu usome alichoandika Mama Theodolaiti kuhusu antena. Usiruke hapo.

Mama Theodolaiti:
@Bikoni Iliyozama umepotea. Ulifika wapi?

Bikoni Iliyozama:
Nipo Mama, kichuguu kilikuwa na foleni, siku hizi vibarua nao wanakipanda kupiga simu. Nilipakua faili la antena, nikaliingiza, nikarudi kwenye bikoni ya 1987: kimo sentimita 1. Nikaenda nyingine ya pili, kilomita 2 kutoka kwenye besi, sentimita 2. Siku ya nne leo, bikoni 31 zimerudi mahali pake.

Mipangilio yote nimeiandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha sanduku la redio: masafa, 25, TT450S, 9600, RTCM 3, TRMR8_GNSS. Kibarua mmoja ameniuliza kama hiyo ni namba ya M-Pesa.